Kruzi ya Gari Ikikataa Kushika, Anza na Taa za Breki

Kwenye usukani wa magari mengi yanayoingia nchini kutoka Japani kuna kijiti kidogo au vitufe vilivyoandikwa CRUISE, SET, RES na CANCEL. Kwa miaka mingi vitufe hivyo havikuwa na kazi kubwa hapa kwetu. Nani angewasha kruzi kwenye kona za Othaya, au nyuma ya lori la mchanga linalopanda kuelekea Karatina? Lakini tangu barabara ya Kenol–Sagana–Marua, yenye urefu wa takriban kilomita 84, ianze kupanuliwa kuwa ya njia mbili kila upande, dereva anayerudi nyumbani Majengo, King'ong'o au Kiganjo anaweza kukaa kwenye mwendo mmoja kwa dakika kadhaa bila kugusa akseleta.

Hapo ndipo mwenye gari hugundua kuwa kruzi yake haishiki. Anabonyeza kitufe, taa ya kijani kwenye dashibodi ama haiwaki kabisa, ama inawaka lakini gari halishiki mwendo. Kwa kuwa gari bado linatembea, jambo hilo huachwa. Wengi husema kruzi ni anasa, wala halijawahi kuwa sharti la kuingia barabarani.

Ni kweli si sharti. Lakini taa za breki ni sharti, na katika magari mengi umeme unaoruhusu kruzi kufanya kazi hupitia fyuzi ileile na swichi ileile inayowasha taa za breki. Kruzi inayokataa inaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza utakayoiona ukiwa umeketi ndani. Taa za nyuma huzioni; anayeziona, au anayezikosa, ni dereva wa matatu aliye nyuma yako.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kitu chochote, fanya jaribio lisilogharimu hata shilingi. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari, ukanyage breki, akuambie taa ngapi zimewaka. Ukiwa peke yako, rudisha gari karibu na ukuta jioni na uangalie mwanga mwekundu kwenye kioo. Magari mengi yana tatu: kulia, kushoto na ile ya juu katikati. Zikiwa zote zimekufa, sahau kruzi kwanza. Gari hilo lisitoke barabarani mpaka zirekebishwe.

Jinsi kruzi inavyopata ruhusa

Kifaa hiki kilibuniwa na Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake aliyekuwa akiendesha kwa kuongeza na kupunguza mwendo kila mara alipozungumza. Teetor alipata hataza yake mwaka 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikaanza kukiuza ndani ya magari yake. Wakati huo kilikuwa cha nyaya na springi. Leo kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya gari.

Kompyuta hiyo haianzi kushika mwendo kwa sababu tu umebonyeza SET. Kwanza huuliza maswali kadhaa, na jibu la kila swali huletwa na waya. Je, swichi kuu imewashwa? Je, gari liko juu ya mwendo wa chini unaokubalika, ambao katika Toyota nyingi ni karibu kilomita 40 kwa saa? Je, dereva amekanyaga breki, au klachi kama gari ni la gia za mkono? Je, kuna hitilafu yoyote ya injini? Jibu moja likikosekana au likitia shaka, kompyuta hukataa. Inakataa kimya kimya, na hilo ndilo linalowachosha watu, lakini kukataa huko ndiko usalama wenyewe. Mashine inayoshika akseleta kwa niaba yako lazima ikose imani na kila kitu.

Mkazo mkubwa uko kwenye swichi ya breki, kidude kidogo cha plastiki juu ya pedali. Ndani yake mara nyingi mna njia mbili za umeme zinazofanya kazi kinyume. Ya kwanza imekatika mguu ukiwa mbali, na huungana unapokanyaga ili kuwasha taa. Ya pili imeungana mguu ukiwa mbali, na hukatika unapokanyaga ili kuiachisha kruzi. Kompyuta hulinganisha hizo mbili. Moja ikisema mguu uko juu ya breki na nyingine ikisema haupo, kompyuta haijui imwamini nani, kwa hiyo inaizima kruzi. Swichi iliyosogea milimita chache, au iliyochakaa ndani, inatosha kuleta ugomvi huo hata kama taa za nyuma bado zinawaka vizuri.

Fyuzi moja, dalili tatu

Mfuatilie umeme kutoka unakotoka. Fungua kisanduku cha fyuzi, kwa kawaida chini ya dashibodi upande wa dereva, na kingine chini ya boneti. Nyuma ya kifuniko kuna mchoro. Katika Toyota, fyuzi ya kwanza ya kutafuta imeandikwa STOP. Ya pili mara nyingi ni ECU-IG, ambayo hulisha kompyuta mara tu unapowasha switi. Magari ya kampuni nyingine yana majina yao, na kitabu cha gari kitakuonyesha. Kama kitabu ni cha Kijapani, mchoro na namba bado vinasomeka.

Fyuzi ya STOP ikiungua, kruzi haiwi peke yake. Taa za breki zinakufa. Katika gari la gia za otomatiki, kiwiko cha gia kinaweza kugoma kutoka kwenye P, kwa sababu gari halijui kwamba umekanyaga breki. Na katika gari linalowashwa kwa kitufe, injini inaweza kukataa kuwaka kwa sababu hiyohiyo. Mwenye gari anaweza kumlipa fundi mmoja kwa ajili ya gia, mwingine kwa ajili ya stata na wa tatu kwa ajili ya kruzi, na wote watatu wanatafuta fyuzi moja ambayo bei yake ni kama ya kikombe cha chai.

Soma namba na rangi. Kwa fyuzi za kawaida za visu, nyekundu ni ampea 10, bluu ni 15, njano ni 20 na kijani ni 30. Rangi hizo si mapambo. Balbu ya breki ya kawaida hula wati 21; tatu kwa pamoja ni wati 63, na ukigawanya kwa volti 12 unapata kama ampea 5. Ndiyo maana fyuzi ya hapo huwa 10 au 15. Ukiweka ya 30 kwa sababu "ya kumi inaungua kila mara", waya ndiyo itakayoungua badala ya fyuzi, na waya hiyo imepita chini ya zulia unaloketia. Kuifunga fyuzi kwa karatasi ya fedha ya sigara au kwa kipande cha waya ni jambo hilohilo, ila baya zaidi.

Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, au mara tu unapokanyaga breki, usiendelee kubadilisha. Kuna waya inayogusa chuma mahali fulani. Katika magari yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, kama Fielder na Probox, anza kwenye mpira ule mweusi unaopitisha nyaya kutoka kwenye paa kwenda mlangoni. Mlango ukifunguliwa na kufungwa kila siku kwa kupakia magunia ya viazi na mitungi ya maziwa, nyaya hizo hukunjwa mpaka ngozi yake inapasuka. Waya ya taa ya breki ya juu hupita hapohapo. Probox nyingi hazina kruzi, najua, lakini taa za breki zinazo.

Pia uliza ni nani wa mwisho aliyefanya kazi chini ya dashibodi. Anayenunua gari kwa mkopo mara nyingi hutakiwa kufungiwa kifaa cha kulifuatilia, na wengine huongeza alamu au redio kubwa. Vifaa hivyo huhitaji umeme, na fundi mwenye haraka huumega kwenye waya iliyo karibu. Iliyo karibu na goti la dereva ni waya ya swichi ya breki au ya ECU-IG. Ukiona waya iliyochunwa katikati, ikazungushiwa nyingine na kufungwa kwa tepu, umepata mahali pa kuanzia.

Kupima bila kubahatisha

Mita ya umeme ya kawaida inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Anza na betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima huonyesha karibu volti 12.6, ikifika 12.2 imebaki kama nusu. Injini ikiwaka, tarajia kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu huku injini inanguruma, kwanza shuku alternata, mkanda wake au nyaya zake, ingawa magari mengine mapya hupunguza chaji kwa makusudi kwa muda. Katika asubuhi za baridi za Julai hapa Nyeri betri iliyochoka hujitangaza mapema kuliko ilivyo Mombasa, na umeme ukishuka sana kompyuta hutunza mambo ya lazima na kuacha ya starehe. Kruzi ni ya starehe.

Kisha nenda kwenye swichi ya breki. Switi ikiwa imewashwa, gusa vituo vyake kwa nyuma ya soketi bila kuichomoa. Waya inayotoka kwenye fyuzi ya STOP iwe na volti 12 wakati wote. Ile inayoenda kwenye taa iwe sifuri, kisha 12 unapokanyaga. Ile ya kruzi ifanye kinyume: 12 mguu ukiwa mbali, na karibu sifuri unapokanyaga. Kama umeme unaingia na hautoki, swichi imekufa. Kama hauingii kabisa, rudi kwenye fyuzi na waya inayotoka huko. Mpangilio wa vituo hutofautiana kati ya gari na gari, kwa hiyo fundi awe na mchoro wa modeli yako, asikisie kwa rangi za nyaya.

Usisahau arthi. Umeme unaoenda lazima urudi, na njia ya kurudi ni boti iliyofungwa kwenye bodi ya gari. Tope, kutu na maji ya presha ya kuoshea magari huila polepole. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: ukikanyaga breki, taa moja ya nyuma inafifia, au indiketa inapepesa pamoja nayo, kwa kuwa umeme uliokosa njia ya kurudi unatafuta nyingine. Weka mita kati ya bodi ya taa na ncha hasi ya betri huku taa zikiwaka. Zaidi ya nusu volti ni nyingi. Fungua boti, piga msasa mpaka chuma king'ae, rudisha.

Kuna jambo moja linalowapata wapenda urembo. Magari mengine ya zamani kidogo huitambua afya ya taa za breki kupitia uzi wa balbu yenyewe. Ukitoa balbu za kawaida na kuweka za LED, ambazo hula umeme kidogo sana, kruzi inaweza kukataa siku hiyohiyo ingawa taa zinang'aa kuliko zamani. Kabla ya kutafuta tatizo kubwa, rudisha balbu ya kawaida upande mmoja ujaribu.

Taa za breki zikiwa sawa na umeme ukiwa sawa, ndipo ugeukie mambo mengine. Taa ya injini ya njano ikiwa imewaka kwenye dashibodi, magari mengi huizuia kruzi mpaka hitilafu hiyo iondolewe, hata kama haihusiani na mwendo. Sindano ya mwendo ikirukaruka au ikilala, kompyuta haijui gari linakwenda kasi gani na haiwezi kushika kitu isichokijua. Fundi mwenye kisoma misimbo atachomeka chini ya usukani na kukuonyesha. P0571 na P0504 ni za swichi ya breki, P0500 ni ya sensa ya mwendo, na P0562 ni ya umeme kushuka. Mwombe aandike msimbo kwenye karatasi kabla ya kuufuta. Msimbo uliofutwa bila kurekebishwa hurudi, na ukirudi ukiwa kwa fundi mwingine, ni vyema uwe na kumbukumbu.

Vitufe vyenyewe huja mwisho. Nyuma ya usukani kuna utepe wa nyaya uliojiviringisha unaouruhusu usukani kuzunguka bila kukata mawasiliano. Ukikatika, honi na vitufe vya redio mara nyingi hufa pamoja na kruzi, na taa ya mfuko wa hewa huwaka. Hapa mwananchi asimame. Mfuko wa hewa hulipuka kwa baruti, na soketi zake, ambazo kwa kawaida ni za rangi ya njano, haziguswi kwa mita wala kwa taa ya kujaribia. Anayefungua usukani achomoe kwanza ncha hasi ya betri na asubiri. Toyota huagiza si chini ya sekunde 90.

Njia ya mkato isiyokubalika

Wapo wanaojua kuifanya kruzi ishike bila swichi ya breki. Waya mbili zikiunganishwa moja kwa moja, kompyuta huamini kwamba mguu hauko kwenye breki, milele. Kruzi itashika vizuri sana. Tatizo ni kwamba sasa haina habari unapokanyaga breki, na injini inaweza kuendelea kusukuma huku wewe unajaribu kusimama kwenye mteremko wa kuingia Sagana. Fundi akikupa suluhisho hilo, kataa, na umlipe kwa muda wake tu.

Somo kuhusu uzito wa kidude hiki lilitoka Marekani. Kati ya mwaka 1999 na 2009, kampuni ya Ford iliyaita magari zaidi ya milioni 14 kurudi kwa matengenezo kwa sababu ya swichi ya kuachisha kruzi. Katika magari hayo swichi ilipata umeme hata gari likiwa limezimwa, na mafuta ya breki yalipovuja ndani yake iliweza kuwaka moto, mengine yakiwa yameegeshwa nyumbani. Sehemu ya tiba ilikuwa kuongeza waya yenye fyuzi yake. Kampuni kubwa yenye wahandisi wake ilirudi kwenye kipande kidogo kilekile ambacho kwetu kuna watu wanakifunga kwa waya.

Hapa Kenya tunakumbuka pia kanuni za mwaka 2003, zilizopewa jina la Waziri John Michuki, zilizoyataka matatu yafungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti mwendo na kruzi si kitu kimoja. Kidhibiti huzuia gari kupita kiwango. Kruzi hulishikilia kwenye kiwango ulichochagua, hata kama ulichagua vibaya. Gari lenye kruzi lisilo na dereva makini halina ulinzi wowote.

Ikigoma kuachia ukiwa barabarani

Kanyaga breki kwa nguvu na usiachie. Usipige mara nyingi nyingi, kwa kuwa msaada wa breki huisha upesi injini ikiwa juu. Weka gia kwenye N, au kanyaga klachi. Injini itapiga kelele, iache ipige. Bonyeza CANCEL au zima swichi kuu ya kruzi. Washa taa za hatari na uelekee kando. Injini ikibidi kuzimwa gari likiwa bado linakwenda, rudisha ufunguo hatua moja tu, usiufikishe mahali unapofunga usukani. Kwa gari la kitufe, kibonyeze na ukishikilie kwa sekunde kadhaa. Usukani utakuwa mzito, lakini utageuka.

Baada ya matengenezo, jaribio lifanywe mchana, barabara ikiwa kavu, kwenye sehemu iliyonyooka ya njia mbili, chini ya mwendo ulioandikwa kwenye alama. Si mjini, na si kwenye ukungu wa asubuhi wa Naro Moru. Shika kilomita 60 kwa saa, bonyeza SET, ondoa mguu. Kisha gusa breki kidogo sana, kwa uzito wa kiatu tu. Kruzi iachie papo hapo. Irudie mara tatu, mara moja kwa breki, mara moja kwa CANCEL na mara moja kwa swichi kuu, na kama gari lina klachi, mara ya nne kwa klachi. Mtu wa gari la pili akifuata nyuma atakuambia kama taa zote tatu ziliwaka ulipogusa breki. Ikiachia kwa njia zote isipokuwa moja, gari lirudi kwa fundi siku hiyohiyo, na fyuzi ya kruzi, kama inajitegemea, ibaki imetolewa mpaka kazi ikamilike.